Bangili za Pikapu ya Mjomba

Mjomba wangu alinunua pikapu wakati mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yameshakufa na Wazungu wengi wameondoka Nachingwea. Vitu vyao viliuzwa kidogo kidogo: matrekta, mapipa, vitanda vya chuma, mpaka milango. Pikapu yenyewe ilikuwa imeachwa nyuma ya ghala kwa masika mawili, na majani yalikuwa yameota hadi kwenye viti. Mjomba aliizunguka mara tatu, akapiga teke tairi moja, kisha akaniuliza kama inaweza kutembea. Nikamwambia inaweza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa kwenye karakana ya magari pale mjini, kazi yangu kukereza chuma kwenye mashine, na nilikuwa najiona najua.

Kwa asiyetujua, inafaa nieleze mjomba ni mtu gani. Kwetu Wamwera, siku zile, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Baba yangu alinilea vizuri na nilimpenda, lakini aliyeamua niende jandoni mwaka gani, na aliyeamua niingie karakana badala ya kubaki shambani, ni mjomba. Alikuwa mtu mfupi, mtulivu, mwenye desturi ya kusafisha koo kabla ya kusema. Akikuomba jambo, sauti ilikuwa ya kuomba, lakini hakuna aliyekuwa akimjibu hapana.

Biashara yake ilikuwa kununua ufuta na mtama kwa wakulima wa Malolo na vijiji vingine vya upande wa Ruangwa, na kuuleta Nachingwea. Miaka yote alikuwa akifanya hivyo kwa baiskeli na wapagazi. Pikapu ilimpa furaha ambayo hakuisema. Ilionekana tu katika namna alivyoipangusa vumbi kila alipoteremka, hata mahali ambapo angepanda tena baada ya dakika tano.

Tatizo lilikuwa barabara. Wakati wa masika malori yalipita kwenye tope, na kila tairi likachimba mfereji wake. Kiangazi kilipoingia, tope likakauka likawa gumu kama tofali, na mifereji ile miwili ikabaki hivyo hivyo mpaka mvua nyingine. Lori lilipita humo bila shida, kwa kuwa ndilo lililoichimba. Pikapu ilikuwa nyembamba. Gurudumu la kushoto likiwa ndani ya mfereji, la kulia lilipanda juu ya tuta la katikati, na gari zima likaenda limeinama ubavu, kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea. Ukijaribu kuyaweka magurudumu yote mawili juu, yaliteleza na kurudi kulekule.

Mwaka wa kwanza, msimu wa ufuta, ilipinduka. Ilikuwa mchana, mahali penye kona na mteremko mdogo. Gari lilijilaza ubavu taratibu, kama mnyama anayetafuta kivuli, na magunia yakafunguka. Mjomba alitokea dirishani akiwa ameshika bega. Wanawake wa kijiji cha karibu walikuja na nyungo zao, wakakaa barabarani mpaka alasiri wakipepeta ufuta na kuutenga na mchanga. Waliokota mwingi. Bega lake halikupona sawasawa, na tangu siku hiyo alivaa kanzu kwa kuanza na mkono wa kushoto.

Wiki iliyofuata alikuja karakana. Alisubiri nizime mashine, akasafisha koo.

"Mpwa, lile gari miguu yake imekaribiana."

"Ndivyo lilivyotengenezwa, mjomba."

"Najua ndivyo lilivyotengenezwa. Nataka uipanue. Ikanyage pale linapokanyaga lori."

Nilimwambia nitamuuliza fundi mkuu. Huyu alikuwa Myao wa Masasi, mtu mzima, aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita na kurudi na miwani na kikohozi. Hakupenda maswali ya haraka. Nilipomweleza alikwenda kwenye pipa, akajaza ndoo maji, akanipa.

"Ishike karibu na paja."

Nikaishika.

"Sasa nyoosha mkono. Ipeleke pembeni, mbali na mwili."

Niliinyoosha. Baada ya muda mfupi mkono ukaanza kucheza na maji yakanimwagikia miguuni.

"Maji yameongezeka?" akauliza.

"Hapana."

"Mbona unatetemeka?"

Akanichukulia ndoo. Akasema kitu anachotaka mjomba kipo, kinaitwa spesa: duara nene la chuma linalowekwa kati ya gurudumu na habu, mahali gurudumu linapofungwa, ili gurudumu litoke nje zaidi. Jeshini waliwahi kufanya hivyo kwa magari yaliyopita mchangani.

"Faida ipo," akasema. "Litasimama imara, halitapinduka upesi. Na litaingia kwenye mifereji ya malori. Hayo ni kweli, mtu asikudanganye. Lakini beringi zitakufa mapema, usukani utakuwa mzito, na matairi yatatoka nje ya madigadi, tope litaruka kila upande. Kubwa kuliko yote ni bolti. Uzito wote utazivuta kwa pembeni, na bolti ikichoka hutajua mpaka ikatike."

"Wewe ungekuwa ndiye mimi, ungefanyaje?"

"Ungekuwa wewe ndiye mimi usingekuwa na mjomba huyo."

Alirudi kwenye kazi yake, nami nikabaki na viatu vilivyolowa.

Nilimpelekea mjomba maneno yote kama nilivyoyasikia. Alisikiliza kuhusu kutopinduka kwa makini, na kuhusu bolti akiwa anatazama barabarani. Alitaka gurudumu litoke nje inchi nne kila upande. Tukabishana kwa heshima, tukakubaliana mbili. Nilikata chuma kutoka kwenye kipande cha trekta lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana. Kilikuwa chuma kizuri, na kukikereza kulinichukua jioni sita baada ya kazi. Mjomba alikuja kuzitazama zote nne zikiwa zimepangwa juu ya benchi, zinang'aa. Akaingiza ngumi yake katika mojawapo, ikapita mpaka kwenye kiwiko.

"Bangili," akasema. Na jina hilo likabaki.

Bolti ndizo zilizonishinda. Za zamani zilikuwa fupi, na ndefu mpya ilibidi ziagizwe Lindi. Mjomba alikuwa na mzigo unamsubiri Malolo. Nikazitoa bolti ndefu kwenye ekseli la lori bovu, nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazitazama moja moja kwenye mwanga wa mlango. Zilionekana nzima. Nikazifunga. Nikamwambia mjomba kila anapofika mwisho wa safari azikaze nati, kabla hata ya kunywa maji. Akasema sawa.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu mwenye sifa. Pikapu iliingia kwenye mifereji ikaenda wima. Mjomba alikwenda Ruangwa na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alirundika magunia juu zaidi kuliko zamani na hayakuyumba. Barazani walisema kuna kijana Nachingwea anayepanua magari, na baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu kwa watoto, aliniomba siku moja mbele ya wageni nimweleze jinsi nilivyofanya, ingawa nilikuwa nimeshamweleza.

Na kila alichokisema fundi mkuu kilikuja, kwa mpangilio wake. Beringi za mbele zilianza kulia kabla msimu haujaisha. Mjomba alilalamika mikono, akisema usukani unamvuta kama ng'ombe asiyetaka kwenda sokoni. Mvua za kwanza zilipoanguka, matairi yalirusha tope mpaka madirishani, na aliyepanda nyuma alishuka hatambulikani. Mke wa mjomba alikataa kupanda akiwa na nguo za kwenda kwa watu. Mambo haya yote tuliyarekebisha au tukayazoea. Nilibadilisha beringi, na fundi wa mabati akaongeza kipande kwenye madigadi. Mjomba aliendelea kukaza nati, mwanzoni kila safari, baadaye kila alipokumbuka. Nilijua hilo. Nilikuwa naona vumbi limeganda juu ya nati, halijaguswa na spana.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka wa pili zikaja habari kutoka Kilimarondo. Bibi yetu, mama yao mjomba na mama yangu, alikuwa bado anaishi kule kwenye shamba alilolima na mume wake wa mwisho, aliyekwisha kufariki. Tembo walikuwa wameingia, wakavunja ghala na kula mahindi yote, na nguruwe mwitu wakamalizia mihogo. Mjomba akasema basi, mama anahamia Nachingwea, kwa dada. Aliniombea ruhusa kwa fundi mkuu, yaani alikuja akamwambia kwamba ananichukua.

Njia ya Kilimarondo ilikuwa ya malori ya mbao, na mifereji yake ilikuwa mirefu kwenda chini kuliko ya Ruangwa. Bila bangili tusingefika. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mjomba alinikumbusha mara nyingi baadaye.

Bibi tulimkuta amekaa juu ya kinu kilicholazwa, amefunga mzigo wake tangu jana. Alikuwa mzee lakini mkavu na mwepesi, na hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na maneno ya dukani. Sisi tulizungumza naye Kimwera. Aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu, akaniuliza kwa nini nimekonda na ni nani anayenipikia. Kisha akaonyesha vitu vya kupakia: kinu na mchi, mikeka, mtungi, majembe mawili, tenga la kuku sita, na mlango wa nyumba, ambao alikuwa ameung'oa mwenyewe kwa sababu ulikuwa wa mninga.

Mjomba alisema kinu kibaki, vipo Nachingwea.

"Hicho cha Nachingwea nakijua mimi?" akauliza bibi. Kinu kikapakiwa.

Tulikuwa na haraka, jua limepanda. Nati hakuna aliyezigusa. Mjomba alikuwa anamsaidia mama yake kupanda mbele, nami nilikuwa nafunga kamba nyuma. Spana ilikuwa chini ya kiti, na bibi alikuwa amekwisha kukaa juu ya kiti. Nilifikiri kumwinua, nikaona haya. Nimelieleza jambo hili kwa watu wachache sana.

Tulikwenda vizuri zaidi ya nusu ya njia. Mahali penye korongo, ambapo barabara inashuka kwa pembeni na upande wa kushoto kuna genge la kimo cha mtu na nusu, nikiwa nyuma juu ya mizigo, nilisikia mlio chini yangu, kama mtu anayevunja muwa. Mmoja, halafu miwili kwa pamoja. Gari likakaa chini kwenye kona ya nyuma kushoto. Niliona gurudumu letu linatupita, likiwa na bangili yake, likikimbia wima mbele ya gari, likaruka ukingo na kupotea kwenye majani. Pikapu ikaburuza chuma chini, ikaelekea gengeni, ikainama. Nilishika kinu. Ikainama zaidi, ikasita, kisha ikarudi na kusimama.

Magurudumu matatu yaliyobaki yalikuwa yamesimama mbali mbali, la mbele kushoto likiwa ukingoni kabisa, udongo unamomonyoka chini yake. Gari lingekuwa jembamba kama zamani, lingekuwa kule chini, na sisi nalo.

Kuku walikuwa wakilia. Mjomba aliteremka, akamshusha mama yake kwa upande wa dereva, akamkalisha kwenye jiwe. Alizunguka gari, akachuchumaa nyuma, akatazama mahali gurudumu lilipokuwa.

"Bangili zimetuokoa," akasema.

Nilikuwa nimechuchumaa kando yake, nashika vipande vya bolti vilivyobaki kwenye habu. Viwili vilikuwa vimekatika hivi punde, chuma cheupe. Vingine, sehemu ya mkato ilikuwa nyeusi, ina kutu. Maana yake zilianza kupasuka zamani, pengine kabla sijazifunga mimi, zikawa zinaendelea kidogo kidogo kila safari.

"Bangili ndizo zilizozikata, mjomba. Na mimi niliweka bolti mbovu."

"Tumepinduka?"

"Hapana."

"Basi."

Bibi alihesabu kuku wake, wakatimia. Akafunga kanga kiunoni akasema yeye anakwenda kwa miguu. Mjomba alimsihi asubiri, litapita lori, au nitakwenda mimi kuita fundi. Bibi alijibu kwamba ametembea na miguu yake tangu mwanzo na haijawahi kutoka ikampita mbele. Kwa hiyo mjomba alibaki na gari, nami nikaondoka na bibi, kuku kichwani pangu, kwa kuwa hao hakukubali kuwaacha.

Tulitembea siku mbili kasoro. Njiani tulilala kwa watu waliokuwa hawatujui na hawakutuuliza sana. Walitupa ugali wa mtama na kisamvu, na bibi akawaachia kuku mmoja. Asubuhi, tukiwa tumekwishatembea kitambo, aliniuliza:

"Mume wangu, wewe ndiye uliyetengeneza kilichokatika?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mwanangu anasema kuna kitu kilichotuzuia tusianguke. Hicho kilitengenezwa na nani?"

"Na mimi. Ni kitu hichohicho."

Aliwaza mpaka tukapita mti mmoja na mwingine. Nilitarajia ataniambia jambo, nami nilikuwa na haja ya kuambiwa. Akaniuliza kama kule kwa mama yangu mtama unaliwa sana na ndege.

Fundi mkuu alikwenda na lori kumchukua mjomba na pikapu, na gurudumu wakaliokota majanini. Alipovitazama vile vipande vya bolti, alivua miwani, akavitazama tena kwa macho matupu, akanirudishia. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu.

Siku chache baadaye, nikiwa nimeshazitoa bangili zote nne, mjomba alikuja karakana. Alikuwa ameagiza bolti mpya Lindi, ndefu, bado zina mafuta ya dukani. Aliziweka juu ya benchi.

"Rudisha bangili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yalitoka mawili.

"Sitazirudisha, mjomba."

Alisafisha koo, lakini hakusema. Wenzangu waliacha kazi na kujifanya wanatafuta vitu. Nilimweleza kwamba hata bolti mpya zitavutwa vilevile, kwamba safari hii gurudumu lilikuwa la nyuma na gari lilikwenda polepole, na kwamba likiwa la mbele hatutakuwa na nafasi ya kubishana. Nikamwambia apakie magunia machache na aende taratibu, gari limeinama.

"Kuinama ndiko kulikonivunja bega," akasema.

Hakuwa amekosea. Alichukua bolti zake na bangili zake akaondoka. Nilisikia amepata fundi Ruangwa, aliyezifunga asubuhi moja.

Kwa mwaka mzima na zaidi hatukusemezana. Bibi alikuwa anaishi kwetu, kwa mama yangu, na mjomba alikuja kumsalimia saa ambazo alijua niko kazini. Nilikuwa nakuta alichokileta: sukari, kitenge, mara moja nyama ya mbuzi. Mama yangu hakunilaumu wala hakunitetea, kwa kuwa huyo alikuwa kaka yake na mimi mwanawe. Nilipotaka kuoa, posa ilichelewa, maana bila mjomba hakuna wa kuipeleka. Baba alisema angeipeleka yeye, na sote tulijua haiwezekani. Pikapu nilikuwa naiona mara mojamoja sokoni, imesimama miguu wazi, na kila nilipoiona nilitazama kwanza kama ina magurudumu manne.

Mwishowe lililoamua halikuwa maneno ya mtu. Serikali ilileta greda, likapita barabara ya Ruangwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, likakwangua matuta na kufukia mifereji. Barabara ikawa sawa kama uwanja. Mjomba alikuja karakana siku ya Alhamisi, akaegesha kivulini, akasubiri nizime mashine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Barabara wameisawazisha."

"Nimesikia."

"Basi zitoe. Zinaniua mikono."

Nilizitoa siku ileile, zote nne. Kwenye gurudumu la mbele kulia bolti mbili kati ya zile mpya zilikuwa na ufa. Ufa mmoja ulikuwa umefika nusu. Nilimpa mjomba azitazame. Alizigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ufa, akasikia unavyokwama. Kisha akazitia mfukoni mwa kanzu, akaniuliza binti niliyemtaka ni wa nani.

Posa aliipeleka yeye mwezi uleule. Bibi aliuona mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, akamfundisha mke wangu mambo ambayo sikuambiwa, akafariki wakati wa masika, kwa homa ya siku tatu. Mjomba aliendesha pikapu miaka mingine mitatu, kisha macho yakapungua, akaiuza, akarudi kununua ufuta akiwa amekaa barazani, wakulima wanamletea.

Watu waliendelea kunijia kuuliza kuhusu kupanua magari, hasa masika yalipoharibu barabara tena. Niliwaambia yote mawili, faida na hasara, kwa mpangilio ule niliofundishwa, na niliwaambia pia lile la bolti nilizozitoa kwenye lori bovu. Wengi walikwenda zao. Mmoja, mkulima wa Chiola aliyekuwa na gari dogo na watoto wengi, alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasema atakwenda kufikiri na wenzake nyumbani. Sikumwona tena, wala sikusikia aliamua nini.